Kiti cha Mbele Kambi Saba

"Mgeni rasmi ni aliyekuja." Leo mmeusikia msemo huu pale harusini, mkacheka kwa sababu mliona watu wazima wanacheka. Wali ulikuwa unapoa, mshereheshaji anatazama barabarani, na yule mama wa meza ya mbele akapaza sauti akausema, chakula kikapakuliwa. Sasa mnaniuliza umetoka wapi. Wapo wanaodai ni maneno ya padri, wapo wanaodai ni ya shehe. Wote wanakosea. Ulianzia hapa hapa Kambi Saba, na mimi nilikuwepo, ila si mpaka mwisho. Ulianza hivi.

Mnajua kwamba babu zenu waliletwa hapa kukata mkonge, wengine kutoka Njombe, wengine Kigoma, wengine Newala. Waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Asubuhi aliitwa kwa namba, na akifa, juu ya kaburi lake kilichomekwa kijiti chenye namba ile. Mchwa wakala vijiti. Tukabaki na vilima vya udongo katikati ya mikonge pori, na hakuna aliyejua kilima kipi ni cha nani.

Melania Mhongole alikuwa karani wa zahanati yetu. Miaka thelathini aliandika kadi za kliniki za watoto, nanyi wengine kadi zenu ziliandikwa na mkono wake. Alipostaafu alinunua daftari akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Nani wenu amelala kule?" Watu walidhani amechanganyikiwa. Lakini alikaa, alikunywa maji aliyopewa, alisikiliza. Alisafiri hata vijiji vya mbali walikohamia wazee waliowahi kuishi hapa. Baada ya miaka sita alikuwa na majina mia mbili na kumi na moja, na habari kidogo ya kila mmoja. Huyu alipiga zeze. Huyu hakushindwa bao hata siku moja. Huyu alikata mkonge kama shetani lakini aliogopa chura.

Akaandika kitabu. Wachapishaji wawili walimrudishia, mmoja hata bila barua. Basi akachapisha mwenyewe kwa mpiga chapa wa Tanga, vikaja vitabu maboksi matano, akaviweka chini ya kitanda.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na nasema wazi kwamba halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sote. Tulitaka kumsaidia. Huyu alitoa maharage, huyu kuni, kwaya ikajitolea kuimba, kamati ya watu saba ikaundwa kuandaa uzinduzi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Singano, aliyewahi kuwa nyapara shambani na bado alizungumza kama nyapara. Kikao cha kwanza, jambo la kwanza lililojadiliwa halikuwa kitabu, wala nani atakisoma. Lilikuwa mgeni rasmi.

"Kitabu kisichozinduliwa na mkubwa ni daftari tu," alisema Singano, na kamati yote ikaitikia kwa kichwa.

Mimi nilimfuata Melania pembeni nikamuuliza kama naye anaona hivyo.

"Kaka Likapa," akaniambia, "mimi ni karani wa kadi za watoto. Nani ataamini kwamba nimeandika kitabu? Lakini mkubwa akikishika mbele ya watu, wataamini."

Sikuelewa mkono wa mkubwa unaongeza nini kwenye karatasi. Lakini niliacha shule darasa la tano, na mambo ya vitabu si yangu. Akatafutwa mheshimiwa mmoja wa wilayani, akakubali vizuri kabisa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu ninyi vijana mnapenda kila hadithi iwe na mtu mbaya.

Kazi yangu ilikuwa viti. Chama chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na viti themanini vya plastiki na turubai moja, na mimi ndiye niliyevitunza. Sheria yetu ilikuwa moja, msiba kwanza. Uzinduzi ulipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa jioni mtu akafariki Kambi Tatu, mazishi Jumamosi saa kumi. Nikaenda kwa Melania usiku haujaingia.

"Dada Melania, pole na shughuli. Kesho saa nane viti vinaondoka."

"Saa nane tutakuwa tumekwisha kula na kuosha vyombo," akasema. Alikuwa anapiga pasi kitambaa cheupe cha kufunika kitabu.

Jumamosi watu walikuja. Sijaona watu wakija namna ile kwa jambo ambalo si msiba wala siasa. Walijaza viti vyote themanini, wengine wakakaa kwenye magogo. Kitabu kimoja kiliwekwa kwenye sinia juu ya meza, kimefungwa utepe mwekundu, kimefunikwa kitambaa, na mkasi pembeni. Vingine vyote vilikuwa kwenye maboksi yaliyofungwa, kwa sababu Singano alisema kitabu hakiuzwi wala hakisomwi kabla ya kuzinduliwa. Na mbele ya wote kilikaa kiti cha mgeni rasmi, sofa kubwa iliyoazimwa kwa mwalimu mkuu, ina vitambaa vya kufuma mgongoni, na chupa ya maji kwenye kistuli.

Saa nne ikapita. Saa tano kwaya ikaimba nyimbo zake zote. Saa sita ikaziimba tena.

"Mheshimiwa yuko njiani," Singano akatangaza, simu mkononi.

"Njia gani hiyo, Mwenyekiti?" akauliza Mama Skola, muuza maharage, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa. "Au anakuja kwa magoti?"

Watu wakacheka. Kuku wa jirani akaruka akatua juu ya sofa, akajikung'uta. Mama Skola akasimama akapiga makofi. "Simameni, jamani! Amefika!" Hata wanakwaya walishindwa kujizuia. Melania peke yake hakucheka. Alimfukuza kuku, akafuta sofa kwa kiganja, akarudi kusimama karibu na meza.

Saa saba na nusu akainuka mzee mmoja wa safu ya nyuma. Jina lake Ntahondi. Alikuwa ametoka mbali sana, alilala njiani, na alikuja kwa lori la mkaa ambalo lingempitia barabarani saa tisa kumrudisha. Kaka yake alifia hapa wakiwa vijana wote wawili. Akatembea na fimbo yake polepole mpaka mezani.

"Mwanangu," akamwambia Melania, "gari langu halingoji. Nisomee langu moja tu, niende."

Melania akamtazama, akatazama utepe, akamtazama Singano. Singano akatikisa kichwa.

"Subiri kidogo, babu," Melania akasema. "Akifika tu, wa kwanza kusomwa ni wako."

Mzee akasema, "Haya." Akarudi kukaa.

Saa nane ikafika. Nikaanza kukusanya viti kuanzia nyuma.

Najua mnavyonitazama. Mtu alikuwa amelala ndani Kambi Tatu, na wafiwa walikuwa wamesimama juani. Na baba yangu mwenyewe alikuwemo ndani ya kile kitabu, kwa hiyo msidhani sikutaka kusikia. Nilikuwa nangoja kama wenzangu. Lakini sheria ni sheria. Nilisema, "Samahani, mama, simama," "Samahani, mzee, simama," nikapanga viti kumi kumi, nikavipakia kwenye tela la trekta. Watu waliosimamishwa walingoja kidogo, wakaangaliana, kisha mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Mtu ukishamsimamisha, miguu yake hukumbuka nyumbani.

Melania akanijia akikimbia. "Kaka Likapa, nipe nusu saa!"

"Marehemu hana nusu saa."

"Watu wanaondoka!"

"Naona. Wasomee."

"Kitabu hakijazinduliwa!"

Nilikuwa nimefika kwa Mzee Ntahondi. Nilimwomba kiti, akanipa, akabaki ameegemea fimbo. Sikujipenda saa ile.

"Babu," Mama Skola akaita, "kwa nini unasimama na kiti kipo? Kaa pale." Akaonyesha sofa.

Singano akaruka kama ameumwa na siafu. "Hicho ni cha mgeni rasmi!"

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani!"

"Huyu naye alikuwa njiani, tangu jana. Tofauti ni kwamba yeye amefika."

Simu ya Singano ikalia. Akasikiliza, akasema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, akaishusha. Kikao cha wilayani kilikuwa hakijakwisha. Mheshimiwa aliomba radhi sana, tumngoje mpaka saa kumi na moja.

Wote tulimtazama Melania, kwa sababu siku ilikuwa yake. Mimi nilisimama na viti vinne begani. Yeye alitazama barabarani, ambako migongo ya watu ilikuwa inakwenda. Aliwajua wote kwa majina, na wazazi wao, na waliowazaa wazazi wao. Miaka sita alikuwa amewafuata majumbani mwao. Leo wao ndio waliomfuata yeye, na yeye alikuwa amewafungia mlango.

Akamshika Mzee Ntahondi mkono, akamketisha kwenye sofa. Akachukua mkasi, akampa kwa mikono miwili.

"Kata, babu."

Mzee akaogopa. Akaurudisha mkasi. "Hapana, mwanangu. Mimi siye mgeni rasmi. Mimi nimekuja tu."

"Basi ndiyo hivyo, babu," Melania akasema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye trekta. "Mgeni rasmi ni aliyekuja."

Mzee akakata utepe. Hakuukata vizuri, mkasi ulikuwa butu, ilibidi Mama Skola auvute upande wa pili. Mwanakwaya mmoja akakimbia barabarani akipiga kelele, "Rudini! Anasoma! Anasoma!" Watu wakarudi mbio, akina mama wameshika khanga zao, wakasimama wakizunguka ile sofa. Hakuna aliyeulizia kiti. Melania akafungua kitabu akatafuta ukurasa, akasoma kwamba Bikolimana, kaka yake Ntahondi, alikuja hapa akiwa kijana, alijua kufuga nyuki, na alizikwa mwezi wa mvua chini ya mteremko wa mashariki.

Zamani asubuhi nyapara alipoita namba, mwenye namba alijibu, "Naam!" Mzee Ntahondi, akiwa amekaa kwenye sofa ya mwalimu mkuu, akainua fimbo yake na kujibu kwa niaba ya kaka yake, "Naam!" Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Jina lililofuata, mwanamke mmoja nyuma akajibu, "Naam!" Na lililofuata vivyo hivyo. Bwana Singano, nyapara wa zamani, alivua kofia.

Mimi nilisikia majina manne. Kisha dereva akawasha trekta, nikapanda juu ya viti, tukaenda Kambi Tatu. Tulizika. Nilirudi karibu saa kumi na mbili, nikashukia pale pale uwanjani, sikupitia hata nyumbani. Maboksi yalikuwa matupu. Mama Skola anafagia.

"Dada Melania," nikasema, "nisomee baba."

"Nimekwisha kumsoma."

"Nilikuwa kwenye viti. Unajua nilikuwa wapi."

"Najua, kaka. Mama Skola alikujibia."

Nikakasirika. Niliona haki yangu imeliwa na mtu wa maharage. Nikasema wangeningoja, walijua nitarudi, mimi si mtu wa kupotea. Melania hakunionea aibu wala huruma ya bure. "Walikuwepo watu zaidi ya mia," akasema. "Ningewaambia tena wasubiri?"

Nikakaa kwenye gogo. Na mara gari likasimama, akashuka mheshimiwa, suti ina vumbi, jasho linamtoka. Akatazama uwanja mtupu, akauliza kwa upole kama uzinduzi umeahirishwa na kama mgeni rasmi mwingine alipatikana.

"Alikuja," Mama Skola akamjibu bila kuacha kufagia. "Ameshaondoka na lori la mkaa."

Mheshimiwa alicheka. Kwa hilo nilimpenda. Sofa ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe, na viti vyangu vilikuwa bado msibani, kwa hiyo akaja akakaa nami kwenye gogo, Melania akatuletea chai ya rangi iliyobaki na kitabu kimoja alichokuwa amejiwekea, tukakishika mimi upande huu na mheshimiwa upande ule. Nikamwonyesha jina la baba yangu. Akalisoma kwa sauti, taratibu, kwa sababu mimi macho na herufi ndogo hatupatani. Nikajibu.

Akaniuliza, "Na wewe ulichelewa?"

"Nilikuwa na sababu," nikasema.

"Mimi pia nilikuwa na sababu."

Tukanywa chai yetu. Sote wawili tulikuwa na sababu, na nzuri, na hakuna aliyetukasirikia. Lakini majina yalikwisha kusomwa, na waliosimama kwa miguu yao waliyasikia. Ndiyo maana leo harusini, sofa ya mgeni rasmi ilipokuwa tupu na wali unapoa, yule mama hakumtukana mtu. Alisema tu lililo kweli, nanyi mkala chakula kikiwa bado cha moto. Mgeni rasmi ni aliyekuja.