Kadhi Aliyekataa Kumlipa Dalali

Palikuwa na Kadhi akiitwa Nasibu bin Hemedi, mtu wa ndevu nzuri na mkono wa birika. Kadhi huyu alitaka nyumba yake ya zamani iuzwe, na alitaka atakayeiuza asilipwe. Hakuona ubaya wowote katika hilo. Kadhi, mabwana, huona ubaya wa wengine. Ndiyo kazi yake.

Nyumba yenyewe, tuambizane kweli, ilikuwa na popo darini, ufa ukutani ambamo paka alipita bila kujikunja, na jirani mhunzi aliyeanza kugonga chuma kabla jua halijachomoza. Miaka mitatu haikupata mtu. Basi Kadhi akamwita Vuai, dalali wa nyumba, wakapatana mbele ya watu: nyumba ikiuzwa, Vuai apate moja katika kumi.

Vuai huyu aliuza nyumba za watu na mwenyewe alikaa ya kupanga. Kodi ya miezi minne ilikuwa imemkaba koo. Mwenye nyumba alikwisha kumwambia, mwisho Ijumaa, na mkewe, Bi Mize, alikuwa ameanza kukunja mikeka. Kwa hiyo alihangaika. Siku arubaini alizunguka mji mzima akiisifu nyumba ile. Popo aliwaita wapangaji wasiopika. Ufa aliuita dirisha la ziada. Mhunzi alisema ni jirani wa kheri, anakuamsha kwa sala ya alfajiri wala hadai kitu. Mwishowe akampata Bwana Zaharani, mfanyabiashara wa ngozi. Huyo akaja, akaona popo, akaona ufa, akamsikia mhunzi, akacheka sana, akakubali kutoa riale elfu.

Alhamisi asubuhi wakakutana barazani kwa Kadhi. Mashahidi wakakaa. Kadhi akamshika mkono Bwana Zaharani, akasema, "Nimekuuzia nyumba yangu kwa riale elfu." Bwana Zaharani akajibu, "Nimeinunua." Basi, biashara imekwisha. Mfuko wa fedha ukawekwa mbele ya Kadhi.

Vuai akakohoa.

"Una kifua?" Kadhi akamuuliza.

"Nina ujira, Shekhe. Moja katika kumi. Riale mia."

"Mia! Ebu niambie, Vuai, umebeba hata jiwe moja la nyumba hii?"

"Sikubeba."

"Umepaka chokaa?"

"Sikupaka."

"Sasa umefanya nini?"

"Nimesema, Shekhe."

"Kusema nako ni kazi?"

"Siku arubaini, Shekhe. Sauti hii unayoisikia ndiyo masalio."

"Nitakupa hamsini."

"Tulipatana mia."

"Ishirini, basi."

"Mia, Shekhe."

"Riale tano na kikombe cha kahawa."

"Shekhe, mimi nimesimama palepale, wewe unazidi kushuka. Huko chini unamfuata nani?"

Kadhi akavuta ndevu. "Kahawa tu, bila riale. Na nitakuombea dua."

"Dua hiyo, Shekhe, utaiomba kwa mdomo?"

Watu wa barazani wakainama kutazama viatu vyao. Kadhi akapandwa na hasira.

"Karatasi yako iko wapi, wewe? Tuliandikiana?"

"Hatukuandikiana. Ulisema mwenyewe, mbele ya hawa."

"Nilisema! Kusema si kitu! Na kwa kuwa mwenye kuhukumu katika mji huu ni mimi, nahukumu sasa hivi: huna haki yoyote."

Hapo Vuai aliingiwa na uchungu wa kweli. Mdaiwa wake ndiye anayemhukumu. Akakate rufaa kwa nani, kwa popo? Sultani mwenyewe kesi zote humwachia Kadhi. Alimwona Bi Mize na mikeka kichwani, njiani, kesho.  Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Hukumu nimeipokea, Shekhe. Ila naomba uniandikie, na muhuri uupige. Nikirudi mikono mitupu mke wangu hataniamini."

Kadhi akafurahi. Akaandika kwa mkono wake, kwa hati nzuri: *Neno lililosemwa kwa mdomo bila kuandikwa halimfungi mtu, na kazi ya mdomo haina ujira.* Akapiga muhuri. Vuai akaipokea karatasi, akaisoma mara mbili, akaupuliza wino ukauke, akashukuru. Halafu akamgeukia mnunuzi.

"Bwana Zaharani, chukua fedha zako."

"Kwa nini?"

"Nyumba hukuinunua. Ulisema tu."

Bwana Zaharani akaitazama karatasi, akautazama muhuri, akauvuta mfuko wake. Kadhi akaudaka kwa mikono miwili.

"Acha! Kuuza na kununua ni jambo jingine!"

"Jingine kwa karatasi ipi, Shekhe?" akauliza Vuai.

"Vuai, nirudishie hati yangu."

"Nitairudisha. Kwanza nipite nyumbani nikamwambie Mize kwamba miaka ishirini hii tunakaa kama wapita njia. Ulituoza kwa mdomo, Shekhe. Ada yako uliichukua siku ileile, na leo sijui ilikuwa ya kazi gani."

"Nipe hati, nasema!"

Vuai akaikunja karatasi vizuri, akaitia ndani ya kanzu, akavaa makubadhi yake.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa Sultani, Shekhe. Mwezi uliopita ulimwozesha bibi mpya, na sisi sote tulikusikia. Sasa uamuzi ni wako: nimwambie mimi kwamba yule si mkewe, au utakwenda kumwambia mwenyewe?"