Breka Iliyosemwa Imechoka

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, wekeni kidole pale tulipoishia. Nataka niwape habari za fundi umeme mmoja, mtu wa sifa zake. Akiingia mkahawani, watu walikuwa wanampisha kiti.

Wafugaji wa kijiji chake walinunua tangi kubwa la kupoozea maziwa. Mota ya mtambo wa baridi haikuwa na mwendo mmoja. Ukutani palikuwa na kisanduku, mafundi wanakiita draivu, cha kuiongoza: maziwa yakiwa machache inajikokota, yakiwa mengi inakimbia. Fundi akaitwa aivutie waya.

Kilikuwa kipupwe, ng'ombe viwele vimenywea, na maziwa yalifunika sakafu ya tangi tu. Fundi akaiwasha mota kwa waya wa majaribio, akabana mita yake kwenye waya, akasoma, akacheka. "Hiki kitu hakili umeme kabisa! Waya mwembamba unakitosha."

Mama mmoja, mwangalizi wa tangi, akaonyesha kibao kwenye kisanduku. "Fundi, mbona hapa zimeandikwa ampea nyingi kuliko ulizosoma wewe?"

"Mama, hayo ni maandishi ya kiwandani. Mimi nimepima kwa mkono wangu."

Naona mafundi mliopo hapa mnatikisa vichwa. Mnajua kwamba waya huchaguliwa kwa mzigo wote ulioandikwa kwenye draivu, na robo yake juu, hata kama leo mota inajikokota. Yeye aliipima siku ya ugeni wake! Mgeni siku ya kwanza si anakula kwa haya? Ukimpikia mwezi mzima kwa kipimo cha siku hiyo, hutaumbuka?

Vuli ikanyesha, majani yakashamiri, maziwa yakaanza kuja kwa madumu. Mota ikaongeza mwendo. Na breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ikaanza kazi yake. Pa! Mama anamwita fundi, fundi anairudisha. Kesho yake, pa! Mtu mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti, "Hivi huyu fundi wetu bado ni fundi?"

Neno hilo lilimchoma. Akaingia ndani, akaushika ule waya, akausikia una joto. Alijua, ndugu zangu. Kiganja chake kilijua. Lakini kuung'oa mbele ya watu ni kusema "nilikosea", na neno hilo lilikuwa halijapita kinywani mwake tangu ashike bisibisi.

"Breka imechoka," akamwambia mama. Akaitoa, akaweka nyingine kubwa zaidi, ya kuvumilia umeme mwingi. Haikukata tena. Watu wakampongeza, na kiti chake mkahawani kikarudi.

Ikafika siku ya jua kali, tangi limejaa hadi shingoni. Fundi alikuwa nje kwenye foleni na dumu la maziwa ya mkewe. Akasikia mota inavuma kwa sauti asiyoijua. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Akangoja breka ikate. Haikukata. Ingekataje, na yeye ndiye aliyeinyamazisha?

"Kata," akanong'ona. "Kata, nakuomba."

Moshi mweusi ukatoka mlangoni, na mama yumo ndani anaosha ndoo! Fundi akalitupa dumu, akakimbilia meni swichi, ile ya kukata umeme wote, iliyokuwa kwenye ukuta wa nje, akaivuta chini kwa nguvu zake zote. Mota ikanyamaza. Mama akatoka anakohoa, khanga imeungua ukingoni, lakini mzima.

Jioni maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yamechacha, yakamwagwa mtaroni huku wenyewe wamesimama wanatazama. Mama akamsogelea fundi. Hakupaza sauti.

"Baba, breka ile ya kwanza. Ilikuwa imechoka kweli?"

Fundi akainama. "Haikuchoka, mama. Mimi ndiye niliyechoka kuisikia."

Haya, tumcheke fundi? Waya mwembamba lilikuwa kosa tu, na waya mwembamba hung'olewa ukavutwa mnene. Kilicholeta moto ni kuibadilisha ile breka. Na sisi je, tumeshabadilisha ngapi? Mkeo akikwambia njia hiyo siyo, unasema ana mdomo. Mzee wa kanisa akiuliza maswali, uchaguzi ukifika tunamtafuta mpole. Dhamiri ikikunyima raha, unasema ni uchovu wa kazi. Tunajizungushia marafiki wasiokata hata tukiwa tunaungua mbele ya macho yao, halafu tunaita hiyo amani!

Ndugu yangu, ukitoka hapa usinipe mkono mimi, nenda moja kwa moja nyumbani. Yupo mtu uliyemnyamazisha. Mwombe aseme tena leo, na akisema, msikilize, kabla hujasimama nje ya mlango wako mwenyewe unanong'ona, "Kata, nakuomba," na hakuna wa kukata.