Koti Lililofundishwa Kunywa

Akina mama, leo sisomi. Macho yamechoka, na shule yenyewe niliishia darasa la pili. Nitawasimulia tu. Na wewe uliyejipaka manukato mpaka mbu wanakukimbia, sogea mbele, haya yanakuhusu.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mtunza stoo wa kikosi cha uokoaji kule chini ya mlima. Mtu akipotea msituni, wanaume wanne wanakuja kwake, wanachukua machela, kamba, filimbi na makoti ya mvua, wanapanda kumtafuta. Wakirudi, makoti yamejaa tope, na yeye anafua. Na kufua alijua! Sabuni ya unga vikombe viwili, povu mpaka kwenye viwiko, na kwenye maji ya mwisho anamimina ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya waridi. Akishaanika, hata nzi wanatua kwa adabu.

Lakini kati ya wale wanne alikuwapo mzee mmoja ambaye hakumpa koti lake hata siku moja. Alilifua mwenyewe, kwa maji matupu, tope akilisugua kwa kiganja, akalitundika kivulini. Likishakauka, anafanya jambo la ajabu: anaumwagia mkono wa koti kikombe cha maji, anainama, anatazama.

Jambo hilo lilimwasha yule mama. Mganga huyu? Au akili zimeanza kumruka? Kila mara alichungulia mlangoni na ufagio mkononi, akifagia palepale mpaka sakafu ikataka kuomba msamaha. Mwishowe akashindwa, akatoka.

"Mzee, unatafuta nini humo? Samaki?"

"Naliuliza kama bado linaweza kazi, Mama Stoo. Njoo utazame."

Akatazama. Maji yalisimama juu ya kitambaa, matone ya mviringo kama umande kwenye jani la gimbi, kisha yakateleza yote chini. Kitambaa kikavu.

"Hayo yako uliwahi kuyauliza?"

"Yangu yananukia, yanajibu yenyewe. Hili lako linanuka beberu."

"Linanuka, sikatai. Lakini hiyo dawa yako haiondoki na maji, mwanangu. Inabaki kwenye nguo, na ndiyo inayoyakaribisha maji. Unalifundisha koti kunywa."

Msidhani hakuelewa. Alielewa vizuri sana, hata akaingia stoo akashika kikombe ajaribu. Lakini saa ileile wakubwa wakaja kutembelea. Wakanusa makoti, na mmoja akasema, "Haya ni ya mlimani au ya harusini?" Wakacheka, wakampigia makofi. Basi kikombe kikarudi kabatini. Sifa ni tamu, wenzangu. Nani kati yenu aliwahi kuzitema?

Haikupita wiki. Mama mmoja alikwenda kukata majani ya ng'ombe, hakurudi. Kesho yake asubuhi wanne wakapanda, watatu wakinukia waridi. Na mvua ilikuwa ile ya mlimani, isiyopiga kelele, inayoingia tu.

Kufika kwenye mianzi, makoti matatu yalikuwa yamekunywa yakashiba. Mmoja akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mwingine vidole vikakataa kufunga kifungo. Mzee akawaambia, "Shukeni, mshikane mikono. Mkibaki hapa nitakuwa na watu wanne wa kuokoa." Wakashuka. Akaendelea peke yake, bila machela, kwa kuwa mtu mmoja habebi machela.

Saa saba mchana alimkuta yule mama korongoni, mguu umevunjika, midomo ina rangi ya majivu. Akavua koti, akamvika, akalifunga mpaka kidevuni. Yeye akabaki na sweta. Akapuliza filimbi. Wa kuitikia yuko wapi? Akapuliza mpaka jua likaanza kushuka, ndipo wakata mianzi wakamsikia, wakawateremsha wote wawili. Mama alikuwa anaongea. Mzee alikuwa hasemi.

Mtunza stoo akaenda hospitali. Akampita mzee chini ya mablanketi matatu, akipumua kama mlango mbovu, asithubutu kumtazama. Akaketi kwa yule mama wa majani. Alikuwa na swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Dada, lile koti... lilikuwaje?"

"Lile? Mama wee, linanuka beberu! Nilitaka kutapika." Akajivutia blanketi. "Lakini ndani palikuwa pakavu."

Mzee alipona, ila mlima hakuupanda tena. Kifua kilikataa.

Haya, sasa sisi. Kufua tunajua. Vitenge vimenyooka, vitambaa vya kichwa vyeupe, na hata salamu zetu zina sukari. Nani amewahi kusema kwamba wanawake wa hapa wananuka? Hakuna. Lakini yule binti wa bondeni alipofukuzwa kwao na mimba yake, mvua ikinyesha, alibisha milango mingapi yenye harufu nzuri? Msitazame chini. Mlango wangu pia aliubisha. Nilimsikia, nikaongeza sauti ya redio.

Mnajua nani alimfungulia? Yule mama muuza gongo. Ndiyo, huyohuyo tunayemsogezea benchi mbali. Nyumba yake inanuka, sikatai. Lakini ndani palikuwa pakavu.

Basi mkirudi nyumbani leo, msikimbilie sabuni. Chota kikombe cha maji, ujimwagie. Halafu uiname, utazame.