Punda Sita Katika Lango la Fungurefu

Hapo zamani, katika mji wa Fungurefu uliozungukwa na ukuta mnene wenye lango moja tu, alikuwako sultani jina lake Zahrani, mtu wa kitambi, mpole akishiba na mkali akiwa na njaa. Chini yake palikuwa na mabaraza mawili. Baraza la Ndani lilikuwa la wenye majumba ya mawe waliokaa ndani ya ukuta, na Baraza la Nje lilikuwa la wakulima na wachukuzi waliokaa nje yake. Na ada ya nchi ilikuwa kwamba hakuna neno liwalo sheria mpaka mabaraza yote mawili yalipitishe kwa maneno yale yale, kisha sultani aligonge muhuri. Na likishagongwa, hata sultani hakuweza kulitangua peke yake. Jambo hilo lilimkera sana, lakini babu yake aliliapia msikitini mbele ya watu, basi ikawa ndivyo.

Ikatokea mabaraza hayo kugombana juu ya punda. Baraza la Ndani liliandika, "Punda asiingie mjini," likapeleka nje. Baraza la Nje likafuta herufi mbili tu, likarudisha, "Punda aingie mjini." Wa ndani wakazirejesha herufi zao, wa nje wakazifuta tena, na karatasi ile ikaenda na kurudi mara tisa hata ikatoboka pale penye neno lile. Na askari wa langoni, asijue afuate lipi, akawazuia punda wote mpaka sheria itoke. Ikawa ndani ya mji hakuna kuni wala ndizi, na nje ya mji muhogo unaoza kwenye magunia.

Basi alikuwako mtu mmoja maskini akiitwa Vuai, msuka mashogi, yaani vile vikapu vya kuning'inizwa huku na huku mgongoni mwa punda. Kwa kuwa punda hawakwenda popote, hakuna aliyetaka shogi, na mkewe Mwanaidi alikuwa siku ya tatu anachemsha majani matupu. Siku hiyo Vuai alikwenda barazani kwa sultani kulalamika, akakuta mabaraza yote mawili yameitwa, na sultani amekasirika kwa sababu hakupata maji moto ya kuogea kwa kukosa kuni.

Sultani akanena, "Nimechoka nanyi. Kila upande na upate nusu. Andikeni hivi: punda aingie mjini nusu, wala asizidi nusu. Je, mwaafiki?"

Watu wakatazamana. Mwinyi Shali, mkubwa wa Baraza la Ndani, aliona atakwenda kuwaambia jirani zake kwamba punda amezuiwa. Bi Mize, muuza muhogo aliyekuwa mkubwa wa Baraza la Nje, aliona atakwenda kuwaambia wenziwe kwamba punda ameruhusiwa. Hakuna aliyeelewa sheria ile maana yake nini, kwa hiyo hakuna aliyeipinga. Wakaipitisha wote kwa shangwe, muhuri ukagongwa, na wengine wakakumbatiana.

Hapo Vuai akacheka. Alijaribu kuziba kinywa kwa kofia yake, lakini kofia ilikuwa na tundu.

"Nani huyo anayecheka?" akauliza sultani.

"Ni mimi, Bwana wangu. Ni njaa tu."

"Njaa haichekeshi. Mimi naijua. Basi kwa kuwa wewe umeielewa sheria kuliko sisi, kesho utaitekeleza wewe. Kabla ya adhuhuri nione punda wameingia mjini nusu, usipunguze wala usizidishe. Ukishindwa, utachapwa bakora hamsini, kisha utoke katika nchi yangu wewe na mkeo."

Vuai akarudi kwake, akamsimulia Mwanaidi. Mwanaidi akaweka mwiko chini. "Mume wangu, wanaume wenzio hucheka wakishafika nyumbani. Wewe huwezi kungoja?"

"Ningengoja ningepasuka."

"Na sasa tutafukuzwa. Mama yangu mgonjwa, nitamwacha na nani?"

Vuai moyo ulimwuma, maana alimpenda mkwewe japokuwa mkwewe hakumpenda yeye. Akatoka, akachukua kamba, akaenda kulipima lango kwa upana, akarudi akipiga mluzi.

Asubuhi yake sultani alitoka nje ya mji kwenda shambani kwake kunywa madafu, na mabaraza yakaja langoni kushuhudia, wa ndani wakasimama ndani, wa nje wakasimama nje. Vuai akaazima punda sita kwa Bi Mize. Akawapanga bega kwa bega katika lango, wakabana vizuri kama dagaa katika pakacha, akawasogeza hata kizingiti kikawa chini ya matumbo yao barabara. Vichwa sita vikawa mjini na mikia sita ikawa shambani. Akawafunga hapo.

"Nini hii?" akauliza Mwinyi Shali.

"Ni sheria yenu, Mwinyi," akajibu Vuai. "Nusu imeingia."

Hawakukaa sana wakaanza kuijua. Wa ndani walipata vichwa, na vichwa vilikuwa na njaa. Vililia kwa sauti kubwa, vikang'ata kilemba cha mjumbe mmoja na kukitafuna mpaka pindo. Wa nje walipata mikia, na palipo na mikia pana mateke na pana mambo mengine ambayo Bi Mize aliyakanyaga kwa viatu vipya. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka.

Adhuhuri ikakaribia, na sultani akarudi kutoka shamba na njaa yake, akakuta mahali pa lango lake pana makalio sita.

"Vuai!" akanguruma. "Waondoe punda hawa!"

"Bwana wangu, nikiwaondoa kuja nje, watakuwa hawakuingia kabisa. Nikiwaondoa kwenda ndani, watakuwa wameingia wazima. Kotekote nimevunja sheria yenye muhuri wako, nami nazihofia bakora. Niamuru upande gani nivunje."

 Sultani akawageukia wajumbe. "Ibadilisheni upesi! Wali wangu unapoa!"

Lakini kila Mwinyi Shali alipoanza kusema, punda alilia, na kila Bi Mize alipokaribia kujibu, punda alirusha teke. Basi Vuai akapiga magoti, akapita chini ya tumbo la punda, akatokea ndani.

"Mwinyi," akasema, "punda wamekukosea nini hasa?"

"Kelele! Kila siku baada ya adhuhuri, nikijinyoosha kitandani, wanapita dirishani wakilia. Na mavi yao mlangoni. Nimezeeka, Vuai. Nataka kulala tu."

Vuai akapita tena chini ya tumbo, akatokea nje. "Bi Mize, kwani una haja gani punda waingie?"

"Mimi? Wakiingia wasiingie, hawana jamaa huko. Nataka muhogo wangu ufike sokoni asubuhi kabla haujanyauka. Soko lenyewe linafungwa adhuhuri."

"Na mavi yao?"

"Nikiyapata yote ningeshukuru. Shamba langu limechoka."

Vuai akakaa kitako pale chini kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi. Kisha akaingia na kutoka chini ya matumbo mara saba, akichukua maneno huku na kuyatua kule. Wakaafikiana kwamba punda aingie tangu alfajiri hata adhuhuri, na baada ya adhuhuri asiingie, na wa nje wafagie njia na kuchukua samadi. Ikabaki ugomvi mmoja. Bi Mize alitaka sheria ianze na neno "aingie," na Mwinyi Shali akaapa kwamba haitaanza ila na "asiingie." Hapo wakakwama, na sultani akaketi juu ya jiwe, akishika tumbo.

Vuai akamwambia Bi Mize, "Wewe utapata neno la kwanza." Akatambaa akamwambia Mwinyi Shali, "Wewe utapata neno la mwisho." Na kila mmoja alifurahi, akidhani amempita mwenziwe. Basi ikaandikwa: Punda aingie tangu alfajiri, wa nje wafagie njia, na ikipita adhuhuri asiingie. Maneno yale yale yakapitishwa pande zote mbili.

"Alhamdulillahi," akasema sultani. "Sasa toa punda."

"Bado muhuri, Bwana wangu."

"Ugonge basi!"

"Muhuri uko ndani, katika kasha lako, na hapana agusaye kasha hilo ila wewe."

 Sultani akawatazama wajumbe, na wajumbe wakayatazama mawingu. Kisha Sultani Zahrani, bwana wa Fungurefu, akakunja joho lake, akapiga magoti, akatambaa chini ya tumbo la punda. Alikwama hapo katikati kwa ajili ya kitambi, Mwinyi Shali akamvuta mikono na Bi Mize akamsukuma kwa nyuma, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza mabaraza mawili yaliyopata kuifanya pamoja. Na punda naye, alipoguswa tumbo, alifanya afanyacho punda pasipo kuomba ruhusa ya baraza lolote. Sultani akatokea upande wa pili kilemba kimelowa.

 Sultani akajipangusa, akakinusa kidole chake, akaangua kicheko hata akashindwa kusimama. Akaenda hivyo hivyo akagonga muhuri. Na kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita, punda wote walirudishwa nje papo hapo, na Bi Mize akawa wa kwanza kuitii sheria aliyoipitisha, huku akisonya.

Sultani alipokwisha kula akamwita Vuai, akasema, "Bakora nimekusamehe, na gunia la mchele limekwisha kwenda kwa mkeo. Nami nataka kukufanya msuluhishi wa mabaraza haya siku zote."

Vuai akainama. "Bwana wangu, ukinipa cheo hicho, kesho mabaraza yote mawili yatapitisha sheria moja, neno kwa neno, wala hutahitaji punda hata mmoja."

"Sheria gani hiyo?"

"Ya kunifukuza."

Sultani akacheka tena, akamwacha aende zake kusuka mashogi, ambayo kuanzia kesho yake yaligombewa. Hekaya imekomea hapo. Aliyecheka amepata fungu lake, na aliyenuna akashitaki kwa mabaraza, angoje jibu.