Muhogo wa Bwana Likwata

Bi Somoe alikuwa anamwoza binti yake, na jikoni hakuna hata kiazi. Akaenda kumwomba muhogo Bwana Likwata, tajiri ambaye tumbo lake lilimtangulia kila mlangoni.

"Sina muhogo wa harusi za watu," alisema Likwata.

"Na mpita njia mwenye njaa, bwana?"

"Huyo ana haki yake kwa desturi. Achimbe, achome, ale papo hapo mpaka apasuke. Lakini asitoke na hata ganda!"

"Hata ganda," aliitikia Somoe kwa adabu, akaaga.

Siku ya harusi, Likwata alisikia ngoma zikilia shambani kwake. Alikimbia, akakuta mioto, maharusi na kijiji kizima kikitafuna.

"Somoe! Nini hiki?"

"Wapita njia, bwana," alisema Somoe, mashavu yamemjaa. "Maganda yako yale pale. Yahesabu."