Mti Uliouguzwa Mpaka Ukazidiwa

Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti sebuleni kwangu, nimejifunga kanga ya mke wangu, kijiko mkononi, nabembeleza mti.

"Meza tu, baba," nilikuwa nauambia. "Ni maji ya sukari. Kidogo tu, basi."

Kanga niliifunga kwa sababu suruali zangu zote zilikuwa zimerukiwa na maji ya samadi. Hilo sikupata nafasi ya kulieleza.

"Shikamoo, mama," nikasema pale pale chini.

"Marahaba. Magoti umepiga, nusu ya adabu unayo. Nusu nyingine ilikuwa uvae suruali."

Kabla hujampelekea mwenzako kisa hiki, nakuomba ukisome mpaka mwisho, maana ukikatia hapa utadhani ujinga wangu uliishia kwenye kijiko. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mti wenyewe ni mkuyu. Usiwaze ule mkuyu wa mtoni unaofungiwa ng'ombe. Huu unakaa kwenye bakuli, na kimo chake hakifiki goti. Wajapani miti ya namna hii wanaiita bonsai. Marehemu baba mkwe, Mzee Shekalaghe, aliuokota umeota kwenye ufa wa tangi la maji hapa hapa Tanga mjini, akaupanda kwenye bakuli, akawa anaupunguza matawi na mizizi mwaka hadi mwaka, mpaka ukazeeka bila kurefuka. Alipofariki, mama mkwe akaurithi. Kila asubuhi huusalimia mti kwanza, watu baadaye. Sisi tukimwuliza habari za kuamka hutujibu kwa mkato, kwa sababu habari zote nzuri ameshazimalizia kwa mkuyu.

Basi binti yake mdogo akajifungua huko Muheza, ikabidi mama mkwe aende kumwangalia mzazi. Mti akauleta kwangu.

"Ukikauka mwagilia," akaniambia. "Hilo tu."

Mtu mwingine angemwagilia. Mimi ni baharia mstaafu, nimefika Kobe, bandari ya Wajapani. Nasema nimefika; meli ilitia nanga jioni, ikang'oa alfajiri, na bonsai niliyoiona niliiona nikiwa nje ya kioo cha mkahawa ambao mfuko wangu haukuniruhusu kuingia. Lakini ukisharudi Tanga, Kobe ni Kobe.

Nikaukagua. Bakuli limepasuka, mizizi inachungulia nje, matawi yamejiendea yanakotaka tangu mwenyewe afariki. Nikasema moyoni, hapa nitamfurahisha mama. Mke wangu Mwanahawa akanikuta nanoa mkasi.

"Mume wangu, umeambiwa umwagilie."

"Mke wangu, mimi nimefika Kobe."

"Ulifika Kobe ukarudi na nini? Kikohozi."

Nikakata matawi, nikapunguza mizizi, nikauhamishia kwenye bakuli jipya. Ulipendeza, wallahi. Nikaupiga picha, nikairusha kwenye kundi la mtaa, watu wakanipongeza, nikawajibu kwa unyenyekevu wa mtu ambaye si mnyenyekevu.

Haukupita muda majani yakaanza kugeuka manjano. Kisha yakapukutika.

Mwanahawa akafagia yale majani, akayatazama kwenye kizoleo, akanitazama na mimi. "Huu ukifa, mama utamweleza wewe. Mimi nitakuwa nimesafiri."

Yule mama hana kaburi la mumewe karibu. Mzee amezikwa kwao Lushoto. Alichobaki nacho cha kuzungumza nacho ni huo mkuyu.

Nikaomba ushauri kwenye kundi. Kosa kubwa. Mtaani kwetu hatujui kumjulia hali mgonjwa kwa mikono mitupu, na mgonjwa kuwa mti hakumzuia mtu.

Wa kwanza kuja ni Mzee Mhina, bwana afya mstaafu. Akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, akachungulia.

"Chini kuna kijani. Huyu mzima. Ila ana minyoo." Akaniachia unga mweupe ndani ya karatasi.

Akaja Mama Semboja na jagi la maji yaliyooshewa mchele. Na yeye akakwangua, pembeni ya pale alipokwangua mwenzake. "Ameishiwa damu, shemeji. Muone alivyopauka!" Akamimina jagi zima.

Akaja Kihiyo, fundi redio. Yeye alikwangua, kisha akalishika shina akalitikisa kama anaangalia jino la mtoto. "Mbona haujashika? Uweke juani huu!" Aliyemfuata akasema ni jua ndilo linaloumaliza. Asubuhi nauanika, mchana nauanua, kama dagaa.

Na mimi, ili nisionekane nimemtelekeza mgonjwa wangu, nilikuwa naukwangua kila nikimaliza chai, halafu nauvuta juu kidogo kuangalia mizizi inaendeleaje. Kila nikiivuta naiona imezidi kuchoka. Nikiiona imechoka, naongeza mbolea ya samadi. Majani yakawa yanapungua, dawa zinaongezeka, mpaka likabaki jani moja limejishikiza kama abiria wa mlangoni.

Ndipo nikachemsha maji ya sukari, na ndipo mama mkwe akaingia.

Hakunifokea. Ningefurahi angefoka. Alikaa mkekani na baibui lake la safari, mkoba bado uko begani, akautazama mti.

"Siku za mwisho Mzee alinishika mkono," akasema kwa sauti ndogo. "Akaniambia, nikitoka mimi, utabaki na huyu."

Mwanahawa alitokeza kutoka jikoni, akamwona mama yake alivyokaa, akarudi jikoni.

Mama mkwe akainama. Hakugusa. Alinusa udongo. Akatazama ncha za matawi kwa karibu, moja moja. Akatazama shina, lilivyochorwachorwa kama dawati la shule.

"Nani aliyekata matawi?"

"Mimi, mama."

"Umekata vizuri. Mwenyewe angekata hapo hapo."

Nikaanza kunyanyua kichwa.

"Shusha. Mizizi nani aliyeipunguza?"

"Mimi, mama."

"Nayo ilikuwa imefika wakati. Mizizi ikipungua haiwezi kulisha majani yote, lazima yaanguke. Nimeyafagia kila mwaka kwa mume wangu. Huo si ugonjwa. Mbolea nani aliyetia?"

"Mimi."

"Kwenye vidonda vibichi. Na huu udongo unaonuka kama tambara la kudekia, nani?"

"Mimi na Mama Semboja."

"Nani anaupeleka juani na kuurudisha ndani?"

"Mimi."

"Nani anautikisa kuona kama umeshika?"

"Kihiyo, mama." Nikaikaza kanga kiunoni. "Na mimi."

"Utashikaje na nyinyi mnaung'oa kila siku? Basi, ugonjwa nimeshauona." Akanitazama kuanzia utosini mpaka miguuni. "Umevaa kanga ya mwanangu."

Kutoka jikoni nilisikia sufuria imeanguka, na Mwanahawa akicheka kwa kujiziba mdomo.

Mama mkwe akavua mkoba. "Nimetoka Muheza kumtunza mzazi. Nimemfunga mkaja tumboni, nimemlaza ndani, wageni wanaishia mlangoni mpaka arobaini itimie. Halafu nafika hapa, nakuta mzazi mwingine amelazwa njia panda, kila apitaye anamfinya!"

Akaondoa udongo wa juu uliojaa mbolea, akainamisha bakuli maji yakachuruzika. Akararua ukanda wa kanga kuukuu, akalifunga shina na bakuli, imara lakini taratibu, vile vile anavyofungwa mkaja mwanamke aliyejifungua, ili usiyumbe. Akauweka uani kwetu penye kivuli, pembeni ya ukuta pasipovuma upepo.

"Utapona, mama?" nikauliza.

"Macho ya matawi, majani yanapochipukia, bado yamefumba, hayajakauka. Sijui. Tungoje."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Mimi nabaki na huyu. Wewe utakwenda Muheza."

"Kufanya nini?"

"Kuchota maji, kupasua kuni na kufua nepi. Hiyo mikono inataka kazi."

Ndivyo baharia aliyefika Kobe alivyokwenda Muheza kufua nepi. Nepi mtoto alizileta kwa wingi, Mungu amkuze. Lakini kila nikianika nilipiga simu.

"Mama, mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo."

"Umechipua?"

"Upo, nimekwambia."

"Kuna mtu huku anasema maganda ya ndizi ukiyaloweka..."

Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao. Nikapiga tena, ikakatika kwa haraka zaidi.

Arobaini ya mtoto ilipotoka nikapewa ruhusa ya kurudi. Nilipitiliza uani hata viatu sijavua. Nikasimama.

Mkuyu ulikuwa umejaa majani machanga, madogo kama kucha za mtoto, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake, anachambua mchicha, anaueleza kwamba mjukuu amechukua pua ya babu yake. Alikuwa akisema na kutulia, akisema na kutulia, kama mtu anayejibiwa.

Machozi yakanilenga. Nikasingizia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nepi zimeisha?"

"Zimeisha. Lakini mama, niambie kweli. Mhina alishindwa, Mama Semboja alishindwa, hata mimi nilishindwa. Ulimpa dawa gani?"

Hakuinua hata uso kwenye mchicha.

"Nilikuondoa wewe."

Funzo: Ukishamfanyia mgonjwa lililo lazima, mwachie nafasi apone, wasiwasi wako si dawa yake.