Mkono Uliopashwa Moto

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli, ambaye pilau la watu mia tatu halikumtia wasiwasi hata kidogo. Siku moja akateleza uani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta ilipofunguliwa, mkono ulikuwa umekakamaa, hata kukamua kitambaa ni shida. Na harusi ya binti yake wa pekee ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Alikwishaapa kwamba hatashika mwiko mtu siku hiyo ila yeye.

Kila Alhamisi alikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Yule bwana alimwambia akunje, akunjue, huku akimpima kwa rula mbili zilizounganishwa na kuandika kiganja kimefika wapi. Kisha akampa mazoezi ya nyumbani, mara tatu kwa siku. Mazoezi yale yanauma, na mama hakuyafanya. Ila Alhamisi asubuhi aliuloweka mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi, akausugua kwa mafuta ya nazi, akafika pale mkono umelainika. Si mjanja huyo?

Wiki ya tatu yule bwana akasoma kipimo, akatabasamu. "Mama, umepona upesi. Alhamisi ijayo usije, nafasi yako nampa mwingine."

Alirudi nyumbani akiimba.

Siku ya harusi, moto umekolea, akaingiza mwiko sufuriani, akageuza mara mbili. Mkono ukagoma. Jirani akaupokea mwiko, mama akakaa pembeni akilia, pilau la mwanawe likinukia mikononi mwa mtu mwingine.

Alhamisi alirudi kule. "Mwanangu, nilikudanganya."

"Mimi?" yule bwana akauliza kwa upole. "Mkono wangu mzima, mama. Nilikuwa nakupima ili nijue pa kukusaidia."

Na sisi je? Ijumaa tunafika hapa tumeoga, tunanukia, ndimi laini. Jumamosi mke anasemeshwaje? Jirani tuliyemnunia tangu mwaka juzi, nani amemwendea? Mungu hahitaji rula. Anajua palipokakamaa kabla hatujavua viatu mlangoni. Anatuita ili tupone. Mama yule namhurumia, maana namfahamu vizuri: yumo ndani ya kanzu hii niliyovaa.

Tuuleteni mkono ukiwa baridi, jamani. Mimi ninachokiogopa ni siku ya kuambiwa, "Umepona, usije tena," nasi tukarudi nyumbani tukiimba.